Seyyid Barghash: Sultani aliyepoteza milki akaacha okestra

KABLA ya reli kufika Nairobi mnamo Mei 1899, na kabla ya uwanda ule wa kinamasi kugeuka kuwa mji, Afrika Mashariki ilikuwa tayari na jiji lenye okestra yake. Jiji hilo ni Zanzibar. Aliyeigharimia okestra hiyo ni Seyyid Barghash bin Said, sultani aliyetawala tangu 1870 hadi 1888.

Wapenzi wa muziki wa klasiki wanaotoka Westlands na mitaa mingine ya magharibi mwa Nairobi kwenda kusikiliza fidla na selo, kwa kawaida huanza kuhesabu historia ya muziki huo katika miaka ya 1940. Ndiyo miaka ilipozaliwa okestra ya Nairobi. Ndiyo pia miaka kilipoanzishwa, mnamo 1944, chuo kinachojulikana leo kama Kenya Conservatoire of Music.

Historia hiyo ni ya kweli, lakini si ya kwanza. Miongo sita hivi kabla yake, wapigaji fidla, udi, nai na ganuni walikuwa wakikusanyika katika kasri ya Unguja kumburudisha mtawala ambaye bendera yake ilipepea Mombasa, Lamu na Malindi.

Vitabu vya historia humkumbuka Barghash kwa mambo mengine. Hukumbukwa kwa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa, kwa jumba la Beit al-Ajaib, na kwa jinsi Wazungu walivyomvua milki yake kipande baada ya kipande. Kati ya vyote alivyovigusa, hata hivyo, kilichoishi muda mrefu kuliko vingine ni kile ambacho pengine yeye mwenyewe alikihesabu kuwa ni starehe tu ya jioni.

Mwana wa suria

Barghash alizaliwa Unguja yapata mwaka wa 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar na kuijaza mikarafuu. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Katika ukoo ule jambo hilo halikuwa aibu wala kizuizi, kwa maana wana wa Seyyid Said waliokuja kurithi visiwa walikuwa wana wa masuria.

Pwani aliyozaliwa ndani yake haikuwa bubu. Kulikuwa na ngoma za kila aina, kulikuwa na siwa za Lamu na Pate zilizopulizwa katika sherehe za wakuu, na kulikuwa na mashairi yaliyoghaniwa kutoka Lamu hadi Mombasa. Kulikuwa pia na gambusi, ala ya nyuzi iliyovuka bahari pamoja na mabaharia kutoka Yemen na Hadhramaut.

Ndiyo sababu wazee wa pwani ya Kenya wamekuwa wakikataa simulizi linalodai kwamba muziki wa taarabu ulishuka Unguja kama mvua kutoka Misri. Wao hushikilia kwamba mashairi ya Kiswahili yaliimbwa kwa gambusi kwao kabla sultani yeyote hajafikiria kuagiza wapigaji kutoka ng'ambo. Hoja yao ina uzito. Lakini alichokileta Barghash kilikuwa kitu cha namna nyingine: kikundi kamili cha ala mbalimbali, chenye mwalimu, mafunzo na nidhamu, kilicholishwa na hazina ya dola.

Safari yake ya kufikia hazina hiyo ilikuwa ndefu. Seyyid Said alifariki baharini mnamo Oktoba 1856 akirejea kutoka Oman, na Barghash alikuwamo katika chombo kile kile. Alipofika Unguja alijaribu kutwaa madaraka kabla ya ndugu zake kupata habari. Akashindwa, na kiti kikamwendea kaka yake, Majid.

Miaka mitatu baadaye, mnamo 1859, alijaribu tena, safari hii kwa silaha. Dada zake wawili, Khole na Salme, waliingia katika njama hiyo. Salme, aliyekuwa msichana mdogo tu aliyejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa karani wa waasi. Katika kumbukumbu alizochapisha baadaye, alisimulia jinsi walivyomtorosha ndugu yao kutoka nyumba iliyozingirwa akiwa amejifunika vazi la kike.

Waasi walijikusanya katika shamba lililoitwa Marseille. Mabaharia wa Uingereza wakashuka kumsaidia Majid, na uasi ukazimwa. Barghash alipakiwa melini na kupelekwa Bombay, ambako alikaa uhamishoni kwa takriban miaka miwili.

Bombay ilikuwa adhabu, lakini ilikuwa pia shule. Alikuta mji wenye reli iliyoanza kazi mnamo 1853, wenye mitambo ya kuchapisha vitabu, na wenye matajiri wa Kihindi waliojenga majumba ya ghorofa. Kijana aliyerudi Unguja mnamo 1861 alikuwa ameshaona jinsi jiji linavyoweza kufanana. Aliishi kimya akisubiri zamu yake.

Kiti chenye miiba

Zamu hiyo ilifika Oktoba 1870, Majid alipofariki. Waliomuunga mkono Barghash kwa nguvu walikuwa wanavyuoni na wafuasi wa msimamo mkali wa madhehebu ya Ibadhi, watu waliotaka dola irudi kwenye uchaji wa zamani na ijitenge na Wazungu. Kwa watu wa namna hiyo, udi na fidla havikuwa vitu vya kupigiwa makofi.

Hivyo basi, hakuna aliyetarajia kwamba mtawala aliyepandishwa na kundi hilo ndiye angefungua mlango wa kasri kwa wapigaji wa Misri. Lakini Barghash hakukawia kuachana na washirika wake hao. Alipenda dini, na baadaye alianzisha matbaa iliyochapa vitabu vya Kiibadhi. Alipenda pia dunia na mapambo yake, wala hakuona haja ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine.

Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya misiba. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu kwa maelfu na kuzamisha merikebu bandarini. Pemba haikuumia sana, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Hazina ya sultani ilibaki na pengo kubwa.

Kabla ya pengo hilo kuzibwa, Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kudai mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Barghash alikataa. Biashara hiyo ndiyo iliyolisha mashamba ya karafuu, nayo karafuu ndiyo iliyolisha dola. Balozi John Kirk alipomweleza kwamba manowari zingekifunga kisiwa, alisalimu amri. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, na soko la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe, hata hivyo, uliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi 1897.

Jambo hili haliwezi kutengwa na habari ya okestra. Fedha zilizonunua ala, zilizolipa nauli ya wanamuziki na zilizowasha taa za kasri, zilitoka katika ushuru na katika karafuu. Karafuu hiyo ilichumwa na mikono ya watumwa. Uzuri wa sauti ile ulikuwa na gharama, na walioilipa hawakualikwa kuisikiliza.

Njia ya Cairo

Mnamo 1875 Barghash alifanya safari iliyombadilisha. Alialikwa Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria, na akatembezwa katika miji ya viwanda. Watu walijipanga barabarani kumtazama. Dada yake Salme, aliyetoroka Unguja mnamo 1866 na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, alifika London akitarajia kupatana naye. Hakuruhusiwa kumfikia.

Katika safari ya kurudi, sultani alipitia Paris kisha Misri. Cairo ya wakati huo ilikuwa chini ya Khedive Ismail, mtawala aliyetumia fedha bila kuhesabu ili mji wake ulingane na Paris. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mnamo 1869. Mwaka huo huo lilifunguliwa jumba la opera, na mwishoni mwa 1871 opera ya Aida ya Giuseppe Verdi ilionyeshwa humo kwa mara ya kwanza duniani.

Lakini Cairo haikuwa opera peke yake. Ismail aliwatunza pia wanamuziki wa Kiarabu, na mwimbaji Abduh al-Hamuli alikuwa miongoni mwa vipenzi vya kasri yake. Hao hawakupiga kwa mtindo wa Ulaya. Walikaa katika kikundi kidogo kilichoitwa takht, chenye udi, ganuni, nai, fidla na tari ndogo, na kila mpigaji alikuwa bingwa.

Kwa Barghash, huo ulikuwa mfano wa kuigwa. Hapa palikuwa na mtawala Mwislamu, anayezungumza lugha ya Kiarabu na Wazungu mlangoni kwake, aliyeonekana kuweza kuwa wa kisasa bila kuacha kuwa yeye.

Mfano huo, hata hivyo, ulikuwa na meno. Kabla ya mwaka ule wa 1875 kwisha, majeshi ya Ismail yalishuka Barawa na Kismayu na kuteka bandari ambazo zilikuwa mali ya Zanzibar. Uingereza ndiyo iliyoyalazimisha kuondoka mwanzoni mwa 1876. Barghash aliokoka, lakini alizidi kuwa mdeni wa waliomwokoa. Ni ajabu ya historia kwamba nchi iliyomtamanisha muziki ndiyo iliyokaribia kumpokonya pwani.

Mwanafunzi wa ganuni

Masimulizi yaliyohifadhiwa Unguja na kizazi baada ya kizazi cha wanamuziki yanasema kwamba sultani alianza kwa kuagiza kikundi cha wapigaji kutoka Misri waje kumburudisha. Sauti ile ilimkolea. Akaona kwamba muziki wa kuazima huondoka na mwenyewe, kwa hivyo akaamua kupata wapigaji wake.

Akamchagua kijana aliyeitwa Mohamed Ibrahim na kumpeleka Cairo kwa gharama za dola. Kazi yake ilikuwa kujifunza muziki, hasa upigaji wa ganuni. Aliporejea aliwafunza wenzake, na kutokana nao ikaundwa okestra ya kasri.

Uchaguzi wa ganuni haukuwa wa bahati tu. Ganuni ni ala ya ubao mpana wenye umbo la pembe, inayolazwa mapajani au mezani. Ina nyuzi zaidi ya 70, na kila sauti huwa na nyuzi tatu zinazolia kwa pamoja. Mpigaji huidonoa kwa vijiti vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada vya mikono yote miwili.

Muziki wa Kiarabu hutumia mizani ya sauti iitwayo maqam. Ndani yake kuna vituo vya sauti visivyopatikana kwenye piano, vilivyo katikati ya kitufe kimoja na kinachofuata. Fidla na udi huweza kuvifikia kwa kidole, lakini kidole huweza kukosea. Ganuni, ikishatungwa vyema, haibabaiki. Ndiyo dira ya kikundi kizima: wengine husikiliza ganuni, nayo huwarudisha njiani. Anayeijua ganuni anaijua elimu yenyewe, na ndiye awezaye kuwa mwalimu.

Kwa kumsomesha mtu mmoja, Barghash alikuwa ameleta si ala tu bali njia ya kurithishana ujuzi. Hilo ndilo lililotofautisha okestra yake na zawadi nyingine zilizopita kasrini. Saa huharibika na meli huoza, lakini mwalimu mmoja huzaa wanafunzi, na wanafunzi huzaa walimu.

Jina lililoshika ni taarabu, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya kuguswa moyo kwa furaha au kwa huzuni. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Wasikilizaji walikuwa sultani, jamaa zake na wageni wake. Raia wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, ambako waliishi watu weusi, wachukuzi na watumwa walioachwa huru, hawakuwa na nafasi katika baraza hiyo.

Mjenzi wa jiji

Okestra ilikuwa sehemu ya mpango mpana wa kuipa Zanzibar sura ya jiji kuu. Barghash aliagiza meli za moshi. Alijenga mifereji iliyoleta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, faida iliyowafikia hata maskini katika mji uliokuwa ukishambuliwa mara kwa mara na kipindupindu. Alijenga hamamu ya umma katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni. Mnamo 1879 waya wa simu ya maandishi ulifika kisiwani ukipita chini ya bahari.

Mnamo 1883 lilikamilika Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, likiwa na nguzo za chuma, vibaraza vipana na milango mizito iliyochongwa. Lilikuwa refu kuliko nyumba yoyote katika mji ule, na mabaharia waliliona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Lilijengwa kwa ajili ya sherehe na hadhi zaidi ya makazi. Kwa macho ya mgeni aliyeingia bandarini, hapa palikuwa na mtawala asiyetikisika.

Ukweli ulikuwa kinyume. Mwishoni mwa 1884, Mjerumani Carl Peters alipenya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akakusanya mikataba kwa watemi ambao wengi wao hawakujua walichokitia alama. Februari 1885 serikali ya Ujerumani iliibariki mikataba hiyo. Barghash alipolalamika, Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake zikimwelekezea mizinga.

Katika msafara huo Wajerumani walimleta Salme, sasa Emily Ruete, ili wamtumie kama kisingizio cha kudai haki za raia wao. Barghash alikataa kumwona. Ndugu hao wawili, waliowahi kuhatarisha maisha yao pamoja mnamo 1859, hawakupatana kamwe.

Mnamo 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa na kumpimia sultani nchi yake. Zilimwachia Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu kutoka baharini. Bara yote aliyoidai ikagawanywa baina ya mataifa hayo mawili.

Kwa Mkenya, sura inayofuata ni ya karibu zaidi. Tarehe 24 Mei 1887 Barghash alikubali kuikabidhi kampuni ya William Mackinnon usimamizi wa pwani kutoka mto Umba hadi Kipini. Bendera ya sultani iliendelea kupepea Mombasa, lakini mamlaka yalikuwa ya wengine. Ukanda huo wa maili 10 ulibaki ni mali ya Zanzibar kwa jina hadi Desemba 1963, Kenya ilipojipatia uhuru na kuuingiza rasmi katika mipaka yake. Mstari uliochorwa ili kumdhalilisha Barghash ndio uliokuja kuwasumbua wanasiasa wa Mombasa na Nairobi miaka 77 baadaye.

Afya yake ilidhoofika pamoja na milki. Kifua kikuu na matende vilimtesa. Mwanzoni mwa 1888 alisafiri hadi Oman, nchi ya baba yake, akitafuta nafuu. Haikupatikana. Alirudi Unguja akiwa hoi na kufariki tarehe 26 Machi 1888, saa chache tu baada ya kufika. Alikuwa na umri wa miaka 50 hivi.

Muziki watoka kasrini

Waliomfuata Barghash hawakudumu, na heshima ya kiti ilizidi kupungua. Mnamo 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiozidi saa moja. Majumba yakabomoka, na meli Glasgow, aliyoiagiza Barghash mwenyewe baada ya kimbunga, ikazama bandarini.

Kama muziki ungekuwa ni samani tu ya kasri, ungezama nayo. Lakini ulikuwa umekwishaingia vichwani na vidoleni mwa watu. Mnamo 1905 vijana wa Zanzibar walianzisha chama chao na kukiita Ikhwani Safaa, Ndugu Wasafi, jina walilolichukua kwa wanafalsafa wa Basra wa karne ya kumi. Waliagiza ala zao kutoka Misri. Sasa okestra haikuwa tena ya mfalme. Ilikuwa ya wanachama waliotoa ada, waliojifunza jioni na kupiga harusini. Vyama vingine vilifuata nyayo zake.

Kwa miongo mingi Ikhwani Safaa iliimba kwa Kiarabu, kama kasri ilivyofanya. Mlango wa mwisho ulifunguliwa na mwanamke kutoka Fumba, Siti binti Saad, aliyezaliwa yapata 1880. Alikuwa mwana wa baba Mnyamwezi na mama Mzigua, na alitembea akiuza vyungu kabla ya sauti yake kujulikana. Mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa ndiye aliyemfunza.

Siti aliuchukua muziki ule na kuuimbia Kiswahili. Aliimba habari za mahakama, za matajiri wadhulumifu, za wanawake waliokosa mtetezi. Mnamo 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri, na santuri hizo zikasambaa pwani nzima na bara. Mji aliohamishiwa Barghash kama mfungwa ndio uliotuma duniani sauti ya jamii ambayo kasri yake haikuialika.

Baadaye vikundi vilikua. Kwa kuiga okestra kubwa za Cairo zilizomsindikiza Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, vyama vya Unguja viliongeza safu za fidla, selo, besi na kodiani. Culture Musical Club, kilichoanza mnamo 1958, kikawa miongoni mwa vikubwa zaidi. Ng'ambo ya bahari, Mombasa na Lamu ziliendelea na njia yao ya udi na shairi zito, njia iliyotukuzwa na Zein l'Abdin hadi alipofariki mnamo 2016, na ya Juma Bhalo aliyetangulia mnamo 2014.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa usultani. Kila kitu kilichonukia kasri kilitazamwa kwa shaka, na vyama vya muziki viliwekwa chini ya uangalizi wa chama tawala na serikali. Lakini hakuna aliyeweza kudai kwamba taarabu ni ya Waarabu peke yao, kwa kuwa Siti na watu wa Ng'ambo walikuwa wamekwisha kuifanya yao. Muziki uliozaliwa kwa amri ya sultani uliokolewa na wale ambao sultani hakuwakusudia.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu. Mnara ulioonekana kwa mabaharia kwa zaidi ya miaka mia moja ukawa kifusi. Kasri yake ya Maruhubi ilikuwa imeungua tangu 1899 na kubaki nguzo tupu. Ramani ya milki yake imekuwa Kenya, Tanzania na Somalia.

Ikhwani Safaa, iliyotimiza miaka 100 mnamo 2005, imedumu kuliko vyote hivyo. Nairobi inapojivunia okestra yake na chuo chake cha muziki, ni haki ikumbuke kwamba kazi hiyo ilianza zamani kidogo upande wa mashariki. Ilianza kwa mtawala aliyelipia nauli na karo ya kijana mmoja. Milki aliyoililia Barghash hadi kufa iliishia na yeye. Ujuzi aliomtuma Mohamed Ibrahim kuufuata Cairo ungali unafundishwa.